Mwana Kupona, Mama na Mwalimu

Baadhi ya mama zetu wa Pumwani husikitika kila Ramadhani: mtoto analia, futari iko motoni, na tarawehe inawapita. Na wamkumbuke Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, naye ameugua mwaka mzima, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi. Wengi husoma humo utii kwa mume tu. Kumbe mume ametajwa wa tano, nyuma ya Mwenyezi Mungu, Mtume, baba na mama! Na wasia wa kwanza ni dini: faradhi isipunguzwe, sunna itendwe iwezekanapo. Darasa lake lilikuwa kitandani pake, na mwanafunzi ni mwanawe. Alifariki yapata mwaka 1860.