Jomo Kenyatta: Mjumbe aliyegeuka mwanafunzi jijini London

Wengi katika ukanda huu humkumbuka Jomo Kenyatta kama Mzee mwenye ndevu na usinga mkononi, rais wa kwanza wa nchi jirani ya Kenya, aliyefariki dunia mjini Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Wachache humkumbuka kama mwanafunzi wa makamo aliyepanga chumba katika mtaa wa Pimlico, London, akidaiwa kodi na kuishi maelfu ya kilomita mbali na mke na watoto. Miaka hiyo ya ugenini, ambayo kwa jumla ilikaribia 17, ndiyo iliyomfanya aandike kitabu chake mashuhuri, na ndiyo iliyomgharimu sehemu kubwa ya maisha ya nyumbani kwake.

Kutoka Thogoto hadi bandari ya Mombasa

Alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Gatundu, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1909 alijiunga na shule ya misheni ya Waskoti iliyokuwa Thogoto, ambako alijifunza kusoma, kuandika na useremala. Mwaka 1914 alibatizwa kwa jina la Johnstone. Baadaye alipata kazi katika idara ya maji ya Manispaa ya Nairobi, akapita nyumba hadi nyumba akisoma mita. Mwaka 1919 alikuwa amemwoa Grace Wahu. Mwana wao wa kwanza, Peter Muigai, alizaliwa mwaka uliofuata, na binti yao Margaret Wambui akazaliwa mwaka 1928.

Mwaka huohuo wa 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti lake, Muigwithania. Kilio kikubwa cha chama kilikuwa ardhi. Mashamba yenye rutuba ya nyanda za juu yalikuwa yamegawiwa walowezi wa Kizungu, na Wakikuyu wengi walijikuta vibarua katika ardhi waliyoamini kuwa ni ya baba zao. Chama kiliona kwamba Nairobi hakuna anayesikiliza, hivyo kikaamua kumtuma mtu apeleke malalamiko moja kwa moja London. Mnamo Februari 1929 Kenyatta alipanda meli Mombasa. Hakwenda kutafuta shahada. Alikuwa amebeba barua ya watu wake.

Milango iliyofungwa

Safari ya kwanza ilimalizika mwaka 1930 bila jibu la kuridhisha kuhusu ardhi. Mwezi Mei 1931 alifika tena Uingereza, safari hii pamoja na Parmenas Mockerie. Wakati huo kamati ya pamoja ya Bunge la Uingereza ilikuwa ikijadili iwapo Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Kamati hiyo iliwasikiliza Waafrika kadhaa, miongoni mwao Serwano Kulubya wa Buganda na Chifu Koinange wa Mbiyu kutoka Kiambu. Wajumbe wa chama cha Kenyatta hawakuitwa kutoa ushahidi wa mdomo.

Mjumbe asiyepokelewa alikuwa na njia mbili: kurudi nyumbani mikono mitupu, au kukaa na kujiongezea silaha ya elimu. Kenyatta alichagua kukaa. Mwishoni mwa mwaka 1931 aliingia Woodbrooke, chuo cha Waquaker katika eneo la Selly Oak, Birmingham, ambako alinoa Kiingereza chake, hasa cha kuandika. Chuo hicho kilikuwa katika jumba lililowahi kuwa makazi ya George Cadbury, mtengenezaji wa chokoleti. Wanafunzi walikula pamoja na kuishi pamoja, na mgeni kutoka Afrika hakuwekwa mezani peke yake. Kwa mtu aliyetoka katika koloni ambako rangi iliamua hata mahali pa kuketi, huo ulikuwa ulimwengu mwingine.

Mwaka 1932, baada ya kutoa ushahidi London mbele ya tume ya Carter iliyochunguza suala la ardhi ya Kenya, alielekea Moscow kusoma katika chuo cha Wakomunisti kilichowapokea vijana kutoka makoloni. Wanafunzi wa huko walitumia majina ya bandia ili wasijulikane na serikali zilizowatawala. Maisha hayakuwa mepesi. Mnamo Januari 1933 wanafunzi weusi, Kenyatta akiwa mmoja wao, walipeleka malalamiko kuhusu hali ya maisha chuoni na jinsi watu weusi walivyokuwa wakionyeshwa katika sanaa ya nchi hiyo. Katika mwaka huohuo aliondoka. Hata hivyo, kivuli cha Moscow kilimfuata maisha yake yote, kwani serikali ya kikoloni haikuacha kumtilia shaka kwa sababu ya safari hiyo.

Chumba cha Pimlico

Aliporudi London mwaka 1933 alipanga chumba katika nyumba namba 95, Cambridge Street, Pimlico, akakaa hapo hadi mwaka 1937. Leo ukutani mwa nyumba hiyo kuna kibao cha buluu kinachowajulisha wapita njia nani aliishi humo. Wakati huo hakukuwa na heshima yoyote ya namna hiyo. Mwafrika aliyetafuta chumba London alizoea kuambiwa mlangoni kwamba nafasi imejaa, hata kama tangazo lilikuwa bado limebandikwa dirishani. Aliyepata mwenye nyumba wa kumpokea alikuwa na bahati, na alijitahidi asimuudhi.

Kenyatta alimuudhi kwa jambo moja tu: hakuwa na fedha. Chama chake nyumbani kilimtumia michango ya wanachama, shilingi zilizokusanywa kwa wakulima na vibarua, lakini michango ilichelewa na wakati mwingine haikufika. Deni la kodi lilipanda juma baada ya juma, na mama mwenye nyumba akamvumilia. Inasimuliwa kwamba barua kutoka Kenya zilipofika, Kenyatta alibandua stempu akaziuza ili apate fedha ya mkate. Katika nyumba nyingi za kupanga za wakati huo, moto wa gesi ulitaka sarafu itumbukizwe katika mita kwanza. Pasipo sarafu, mpangaji alijifunika koti lake.

Alifanya kazi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1935 ilionyeshwa filamu ya Sanders of the River, ambamo mwimbaji Mmarekani Paul Robeson alikuwa mmoja wa wahusika wakuu. Mandhari ya kijiji cha Kiafrika ilijengwa katika studio za Shepperton, na Waafrika waliokuwa Uingereza waliajiriwa kujaza nafasi ndogondogo. Kenyatta alipewa nafasi ya chifu mmoja. Filamu hiyo iliusifu utawala wa kikoloni, na Robeson mwenyewe baadaye aliijutia. Mtu aliyekuja kuulalamikia utawala huo alilazimika kuvaa mavazi ya kuigiza na kusimama mbele ya kamera, kwa kuwa malipo ya kazi hiyo yaliweza kupunguza deni.

Kutoka kuchunguzwa hadi kuchunguza

Kazi nyingine ilikuwa katika Chuo Kikuu cha London, University College, katika idara ya fonetiki. Hapo Kenyatta aliketi na mtaalamu wa matamshi Lilias Armstrong, akatamka maneno ya Kikikuyu, tena na tena, huku mtaalamu akiandika kupanda na kushuka kwa sauti. Lugha hiyo hutofautisha maana kwa kidatu cha sauti, na hakukuwa na mtu mwingine karibu wa kuifafanua vizuri kama yeye. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake kuhusu matamshi ya Kikikuyu kilitoka mwaka 1940.

Katika chumba hicho Kenyatta alikuwa chanzo cha maarifa, naye mwenye kuandika alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1935 hali hiyo ilianza kubadilika. Alikubaliwa katika chuo cha London School of Economics kusomea anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski, ingawa hakuwa na shahada ya kwanza. Malinowski, Mpolandi aliyejipatia sifa kwa utafiti wake katika visiwa vya Trobriand, aliamini kwamba desturi za watu lazima zielezwe jinsi zinavyofanya kazi katika maisha yao ya kila siku. Fundisho hilo lilimfaa mwanafunzi wake. Kama kila desturi ina kazi yake, basi jamii ya Wakikuyu ilikuwa na mpango wake kamili, na kuinyang'anya ardhi kulikuwa kuvunja nguzo inayoshikilia nyumba nzima.

Katika semina za Malinowski, wanafunzi walisoma makala zao mbele ya wenzao na kuzitetea. Mwana mfalme Peter wa Ugiriki alikuwa miongoni mwa wanafunzi hao. Mwingine aliyehudhuria ni Elspeth Huxley, mwandishi aliyelelewa katika shamba la walowezi huko Thika, si mbali na nyumbani kwa Kenyatta. Kule Kenya wawili hao wasingeketi meza moja kujadili jambo lolote. London waliketi darasa moja, na mtu aliyejua Kikikuyu tangu utoto ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu mambo ya Wakikuyu.

Mwanafunzi huyo alikuwa pia mwalimu. Mwaka 1937 Ralph Bunche, msomi mweusi kutoka Marekani, alikuja London kusoma kwa Malinowski kabla ya kusafiri Afrika. Alihitaji Kiswahili, na Kenyatta akawa mwalimu wake. Bunche alipofika Kiambu alipokewa vizuri na Wakikuyu, wakampa jina la Karioki, maana yake aliyerudi. Mwaka 1950 Bunche alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Jioni zilikuwa za siasa. Italia ilipotishia kuivamia Ethiopia mwaka 1935, Waafrika na watu wa Karibi waliokuwa London waliunda jumuiya ya kuitetea nchi hiyo. C.L.R. James kutoka Trinidad alikuwa mmoja wa viongozi wake, na Kenyatta akawa katibu.

Kitabu na jina jipya

Makala alizoandika chuoni zilikusanywa zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa Malinowski. Kinaeleza umiliki wa ardhi, ukoo, elimu ya watoto, jando na unyago, ndoa, uongozi na ibada. Kilitetea hata desturi ambazo wamisionari walizipiga vita, tohara ya wasichana ikiwamo, na hilo linaendelea kujadiliwa mpaka leo. Ndani yake kuna ngano ya mtu aliyemhifadhi tembo katika kibanda chake wakati wa mvua, akaishia kutolewa nje yeye mwenyewe. Tume iliyoundwa kumsikiliza ilikuwa ya wanyama watupu. Msomaji aliyejua habari za ardhi ya Kenya hakuhitaji kufafanuliwa.

Katika picha ya kitabu hicho Kenyatta amevaa vazi la ngozi na ameshika mkuki. Jina la Johnstone halikuwapo tena. Mwandishi alijiita Jomo Kenyatta, na jina hilo ndilo alilokuja kuongozea taifa.

Gharama ya kukaa mbali

Vita vilipoanza mwaka 1939, njia ya kurudi ilizibwa. Kenyatta alihamia kijiji cha Storrington, Sussex, akawa kibarua wa shamba, na mara kwa mara akawahutubia askari na wafanyakazi kuhusu Afrika. Mwaka 1942 alimwoa Edna Clarke, Mwingereza, wakapata mtoto wa kiume mwaka 1943. Mnamo Oktoba 1945 alikuwa Manchester katika mkutano wa tano wa Umajumui wa Afrika, pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore.

Mnamo Septemba 1946 alishuka melini Mombasa. Margaret, aliyemwacha akiwa mtoto mdogo, alikuwa msichana wa miaka 18 hivi. Grace Wahu alikuwa ameilea familia peke yake kwa miaka 15. Huko Uingereza, Edna naye alibaki na mtoto wa miaka mitatu. Nyumba mbili zilikuwa zimelipia elimu ya mtu mmoja, na hakuna chuo kinachoandika deni la namna hiyo katika vitabu vyake.

Kazi aliyoishika baada ya kurudi ilihusu elimu. Alikwenda Githunguri, katika chuo cha ualimu kilichoanzishwa na Peter Mbiyu Koinange, akakiongoza. Chuo hicho kiliandaa walimu wa shule zilizojengwa na Waafrika wenyewe, nje ya mamlaka ya misheni. Serikali ilikifunga baada ya kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, mwezi uleule Kenyatta alipokamatwa. Alikaa kifungoni na kizuizini hadi mwaka 1961. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru, na mwaka mmoja baadaye akawa rais.

Mwaka 1970 Margaret Kenyatta alichaguliwa kuwa meya wa Nairobi, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika wadhifa huo. Mji alioongoza ndio ule ambao baba yake, kabla ya kuvuka bahari, aliuzunguka akisoma mita za maji.