Stefano Kaoze

Ziwa tunaloteka maji hapa Baraka lafika kusini hata Moba, iliyoitwa zamani Baudouinville. Katika nchi hiyo Stefano Kaoze, Mtabwa, alisoma seminari. Kilatini hufuata mfano. Abadiliye neno amekosa. (Nakumbuka vema.) Lakini Kaoze alitaka kueleza jinsi Wabantu wanavyofikiri na kupendana. Mfano wa kunakili haukuwapo, na Wazungu wengine walidai kwamba mtu mweusi hana fikira kubwa. Akaandika kwa Kifaransa mambo aliyoyajua nyumbani kwao. Padri Vermeersch akayatungia utangulizi, yakaanza kuchapishwa Ubelgiji mwaka 1910, mwandishi angali mwanafunzi. Mwaka 1917 alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Alifariki mwaka 1951.