Kijana Aliyepanda Muktinath na Kushuka kwa Watu

Katika kijitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona inafaa kuwasimulia waumini wenzetu, pamoja na majirani zetu wa Kilosa, Munisagara na Mikumi, maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila alfajiri katika nyumba nyingi za Wahindu wa Afrika Mashariki. Huyo ni Bwana Swaminarayan, aliyezaliwa mwaka 1781 na kuiaga dunia mwaka 1830. Kwa wafuasi wake, yeye ni Mungu aliyejidhihirisha kwa umbo la mwanadamu. Kwa waandishi wa historia, ni mwalimu wa dini na mrekebishaji mkubwa wa jamii ya Gujarat. Sisi hapa tutaifuata zaidi njia aliyoitembea kwa miguu, na hasa bonde moja la milimani alikofika akiwa bado mtoto, akakaa kwa muda, kisha akaondoka.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1781 katika kijiji cha Chhapaiya, karibu na mji mtakatifu wa Ayodhya, kaskazini mwa India. Wazazi wake, Dharmadev na Bhaktidevi, walikuwa Wabrahmini, nao walimpa jina la Ghanshyam. Baba yake alimfundisha lugha ya Kisanskrit na maandiko, na mtoto akaonyesha mapema kwamba hakuridhika kukariri tu, alitaka kufahamu. Wazazi wote wawili walifariki akiwa bado mdogo. Tarehe 29 Juni 1792, akiwa na umri wa miaka 11, alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko, akawaacha nyuma kaka yake Rampratap na mdogo wao Ichcharam, bila kumwaga mtu yeyote.

Mzigo wake ulikuwa mwepesi. Mapokeo yanatuambia kwamba alivaa kitambaa kiunoni, akashika fimbo, tasbihi na kibuyu cha maji, akachukua daftari dogo lenye dondoo za maandiko aliyoyasoma kwa baba yake, na shingoni akaning'iniza jiwe dogo jeusi la shaligramu, ambalo Wahindu huliheshimu kama alama ya Vishnu. Viatu hakuwa navyo. Kuanzia hapo alijulikana kwa jina la Nilkanth, ambalo ni mojawapo ya majina ya Shiva.

Nilkanth alielekea kaskazini, kwenye Milima ya Himalaya. Alipita Haridwar, pale mto Ganga unapotoka milimani na kuingia tambarare, akapanda hadi Kedarnath na Badrinath. Mahekalu haya mawili yako katika mabonde ya juu, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Theluji huyafunga kwa takriban nusu mwaka, na kila mwaka kabla ya majira ya baridi makuhani huyafunga milango na kuihamishia ibada katika miji ya chini hadi theluji itakapoyeyuka. Hata leo, wakati barabara na helikopta zimewapunguzia mahujaji taabu, wapo wanaofia njiani. Tuwaze basi ilivyokuwa kwa mtoto wa miaka 11, peke yake, katika zama ambazo njia ilikuwa ni ukingo wa jabali na daraja lilikuwa ni kamba.

Kutoka huko aliingia Nepal, akafika Muktinath. Jina hili lina maana ya Bwana wa ukombozi, na mahali penyewe pako katika nchi ya Mustang, kwenye kimo cha mita 3,700 na ushei. Njia ya kwenda huko huufuata mto Kali Gandaki, unaopita katika korongo baina ya milima miwili, Dhaulagiri na Annapurna, ambayo kila mmoja unazidi mita 8,000. Kila siku karibu na adhuhuri upepo mkali huanza kupanda bondeni kutoka kusini, na msafiri asiyewahi asubuhi hupigwa na vumbi hadi jioni. Mawe ya shaligramu, mfano wa lile lililoning'inia shingoni mwa Nilkanth, huokotwa katika mto huohuo. Hekaluni kuna mifereji 108 inayotiririsha maji baridi ya mlimani kwa mahujaji wanaooga, na jirani yake mna kijumba cha ibada ambamo ndimi ndogo za moto huwaka kwa gesi inayotoka ardhini, kando ya maji yanayopita. Wabudha nao hupaheshimu mahali hapo, na kwa muda mrefu watawa wao wa kike wamekuwa watunzaji. Wahindu na Wabudha hupanda njia ileile, na hakuna anayemuuliza mwenzake amefuata nini.

Wasomaji wetu wa Munisagara hawahitaji maelezo marefu kuhusu mabonde ya namna hii. Wanaufahamu mto Mkondoa unavyopenya baina ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na reli inavyolazimika kuufuata kila unapopinda, kwa kuwa mlima haukuacha nafasi nyingine. Wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, yaliyoizoa reli baina ya Kilosa na Gulwe na kukata mawasiliano ya nchi. Aishiye katika bonde anajua kwamba njia ni neema, na kwamba neema hiyo yaweza kuondolewa kwa usiku mmoja.

Muktinath ndipo Nilkanth aliposimama. Mapokeo ya wafuasi wake yanasimulia kwamba kwa miezi miwili na nusu alifanya riyadha kali, akisimama kwa mguu mmoja na mikono ikiwa imeinuliwa juu, katika baridi isiyo na huruma, mwili ukikonda hadi mishipa ikaonekana. Sanamu zake nyingi humwonyesha katika hali hiyo. Kwa macho ya kibinadamu, hapo ndipo safari ingeweza kukoma. Alikuwa amefika mahali ambapo watu walitamani kufika japo mara moja kabla ya kufa. Palikuwa na utulivu, palikuwa na utakatifu, wala hapakuwa na mtu wa kumsumbua. Mtawa aliyechagua kubaki huko asingelaumiwa na yeyote.

Hakubaki. Alishuka. Katika misitu ya Nepal alikutana na mzee aitwaye Gopal Yogi, akakaa kwake karibu mwaka mzima akijifunza yoga. Kisha akaelekea mashariki hadi Assam, akateremka pwani hadi hekalu la Jagannath huko Puri, akaendelea kusini mpaka Rameshwaram, ncha ya India inayoelekea Sri Lanka, akapanda tena upande wa magharibi kupitia Pandharpur na Nashik. Kila alipofika aliwauliza wenye elimu maswali matano: nafsi ni nini, miungu ni nini, maya, yaani pazia la dunia, ni nini, Brahman ni nini, na Parabrahman, aliye juu ya vyote, ni nani. Kwa miaka saba hakupata jibu lililomtosha. Palipokuwa na hekalu tajiri lakini jibu hafifu, hakukaa.

Tarehe 21 Agosti 1799 aliingia katika kijiji cha Loj, huko Saurashtra katika Gujarat, akaketi kando ya kisima cha ngazi ambako wanawake walikuja kuteka maji. Mtawa mmoja alimwona, akampeleka kwenye makao yao yaliyoongozwa na Muktanand Swami, mwanafunzi wa Ramanand Swami. Hapo Nilkanth aliuliza tena maswali yake, na safari hii majibu yakamridhisha. Mtu aliyezunguka India yote kwa miguu, aliyesimama Kedarnath, Badrinath na Muktinath, alibaki katika kijiji kisicho na sifa yoyote ya hija. Alifagia, aliosha vyombo, aliokota samadi ya ng'ombe kwa ajili ya kuni, akaomba chakula nyumba kwa nyumba kwa niaba ya wenzake. Mwaka 1800 Ramanand Swami alimpokea rasmi katika utawa na kumpa jina la Sahajanand. Mwaka uliofuata alimkabidhi uongozi wa jumuiya nzima, naye alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Haukupita muda mrefu mwalimu wake akafariki, na wafuasi wakaanza kutumia sala ya Swaminarayan, ambayo ndiyo ikawa jina lake hadi leo.

Gujarat ya wakati ule ilikuwa nchi ya vita vidogovidogo, unyang'anyi na njaa. Ukame ulipoikumba Kathiawar na Kutch mnamo mwaka 1813, wafuasi wake waligawa nafaka. Aliwatuma watawa wake kufungua nyumba za kulisha wasafiri na maskini, kuchimba visima na mabwawa. Aliwaamuru wasirudishe pigo kwa pigo, hata walipopigwa na kuvuliwa alama za utawa wao. Alipinga kuchinja wanyama katika ibada za moto, akaonyesha kwamba ibada hiyo yaweza kutimizwa kwa nafaka na samli. Alipinga desturi ya mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, na desturi ya kuwaua watoto wa kike wachanga kwa hofu ya gharama za mahari. Tusilione jambo hili kuwa dogo. Alikuwa akiwaambia wenye nguvu wa nchi, wenye panga viunoni, kwamba binti aliyezaliwa usiku ule ana haki ya kuiona asubuhi. Wakulima, maseremala, wahunzi, wafinyanzi na wapiganaji wa Kikathi walimfuata, na wengi wao wakaacha pombe, wizi na kisasi.

Kisha akajenga. Baina ya mwaka 1822 na mwaka 1828 mahekalu sita yalifunguliwa wakati wa uhai wake: Ahmedabad, Bhuj, Vadtal, Dholera, Junagadh na Gadhada. Huko Vadtal, mapokeo yanasema, yeye mwenyewe alibeba matofali kichwani pamoja na vibarua. Tunawaomba wasomaji wayatazame mahali mahekalu hayo yalipo. Hakuna hata moja lililowekwa juu ya mlima wenye theluji. Yako katika miji na vijiji, kando ya masoko na mashamba, pale ambapo bibi kizee anaweza kufika kwa mkongojo wake na kurudi nyumbani kabla ya jua kali. Hekalu la mbali hakulidharau, maana alilifikia kwa gharama ya ujana wake. Lakini alipopata uwezo wa kujenga, alijenga karibu na watu.

Mwaka 1826, huko Vadtal, aliandika Shikshapatri, kitabu kidogo cha beti 212 za mafundisho ya maisha. Humo, pamoja na mambo ya ibada, mna amri ambazo mwenye duka wa Kilosa angezielewa mara moja: mtu aandike mapato na matumizi yake kila siku, asitumie zaidi ya anachopata, na amlipe kibarua ujira wake kama walivyokubaliana. Mwezi Februari 1830, huko Rajkot, alikutana na Sir John Malcolm, Gavana wa Bombay, na nakala ya kitabu hicho aliyopewa gavana ingali inahifadhiwa Oxford. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Juni 1830, aliiaga dunia mjini Gadhada, akiwa na umri wa miaka 49.

Wafuasi wake walivuka bahari. Kutoka Kutch na Gujarat walikuja mafundi wa mawe, maseremala, wafanyabiashara na makarani, wakashuka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na wengine wakafuata Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hadi miji ya bara. Walibeba picha ya yule kijana wa Muktinath katika masanduku yao ya bati. Kamba ya upendo haikukatika: tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lilipolibomoa hekalu la Bhuj, jipya lilijengwa kwa marumaru na kufunguliwa mwaka 2010, na miongoni mwa waliolichangia walikuwamo wazao wa watu wa Kutch waliozaliwa Afrika Mashariki.

Wako kati yetu wanaotamani kwenda Muktinath kabla ya kufumba macho, nasi tunawaombea safari njema. Wako pia wasioweza, kwa umri au kwa mfuko, na hao hatupendi wajione wamepungukiwa. Vijana wengi wa bonde hili wamehamia mijini, na wazee huuliza nani atakayeiwasha taa ya hekalu kesho. Maisha tuliyoyasimulia hayatupi jibu rahisi, ila yanatuonyesha kipimo. Yule aliyefika mbali kuliko sisi sote aliitimiza safari yake kando ya kisima cha kijiji, akiwa na ufagio mkononi. Hekalu lenye maji kwa mwenye kiu, chakula kwa jirani wakati wa mafuriko na ujira wa haki kwa anayelifagia, halihitaji kuwa juu ya mlima ili liwe takatifu.

Tunawatakia waumini wote na majirani zetu wa kila dini kheri, afya na amani katika maadhimisho haya. Milango i wazi. Karibuni.