James Siang'a: Kipa wa Kenya aliyewavua ubingwa Zamalek

Wadau, huku kwetu Kamachumu mkianza ubishi wa makipa, jina la Juma Kaseja halikosekani. Wana-Kagera tulikuwa naye alipojiunga na Kagera Sugar. Lakini ukiuliza kocha wake Simba mwaka 2003 alikuwa nani, vijana wanabaki kutazamana. Alikuwa Mkenya, James Siang'a, na leo nataka tumkumbuke.

Huyu naye alikuwa kipa. Alidakia Gor Mahia, na mwaka 1972 alikuwemo kwenye kikosi cha Kenya kilichokwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kufika huko. Alipotundika daluga akageukia ukocha. Akaifundisha Gor Mahia, akapewa timu ya taifa ya Kenya, na baadaye Taifa Stars yetu.

Sasa njoo 2003. Simba yake inakutana na Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika. Dar Simba wakashinda 1-0. Cairo Zamalek wakarudisha hilo hilo moja, ngoma ikaenda kwenye matuta. Kaseja akasimama imara golini, Christopher Alex akapiga tuta la mwisho, Simba 3-2. Bingwa nje! Simba wakaingia makundi pamoja na Enyimba, ASEC na Ismaily. Jamani, hatua hiyo Simba hawakuifikia tena mpaka msimu wa 2018/19. Hesabu mwenyewe miaka hiyo.

Mimi siamini ilikuwa bahati tupu. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, na kosa lake moja ni goli. Mtu aliyezoea maisha ya namna hiyo akiwa kocha, timu yake haifungwi ovyo. Ndio maana kwenda Cairo na kigoli kimoja hakukuwatisha.

Siang'a alifariki Septemba 2016 huko Bungoma, Kenya, baada ya kuugua. Kinachoniuma ni kwamba mpigaji wa tuta tunamkumbuka, mdakaji tunamkumbuka, ila aliyewapanga tumemsahau, na wala hakuwa wa mbali, ni jirani yetu.

Mungu amlaze mahali pema. Haya wadau, nani mwingine tumemsahau? Tajeni.