Mzee Guttmann na saa mbili mbili zake

Niko Kivukoni, Ifakara. Leo naomba tuweke pembeni siasa na bei ya mpunga, niwasimulie habari za mzee mmoja aliyefariki mwaka 1980, mimi hata sijazaliwa. Lakini bila yeye nadhani huu mkono unaobonyeza herufi ungekuwa ushaoza udongoni zamani.

Anaitwa Ludwig Guttmann. Waliomsikia wanamjua kama baba wa michezo ya Paralimpiki. Mimi namjua kwa jambo jingine, dogo tu, ambalo halina medali.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Mwaka 2009 nilikuwa kijana wa kupakia mizigo hapa kivukoni. Enzi hizo daraja hakuna, malori ya mpunga kutoka upande wa Ulanga yanasubiri pantoni mpaka jua linazama. Siku hiyo nilidondoka toka juu ya magunia, nikatua kwa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini mpaka leo sina habari napo. Niliporudishwa nyumbani ndugu zangu wakakubaliana kwamba mgonjwa asisumbuliwe, alale chali, atulie, mfupa uunge. Walifanya kwa upendo kabisa. Wiki ya tatu chumba kikaanza kunuka. Nilikuwa na kidonda juu ya makalio, ukubwa wa kisahani cha chai, na mimi mwenyewe sikuwa nasikia chochote.

Basi bwana, na Guttmann naye alianzia hapohapo.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji wa Tost, wakati huo ni Ujerumani, leo ni Poland. Familia ya Kiyahudi. Mwaka 1917, kabla hajaanza udaktari, alikuwa mhudumu wa kujitolea kwenye hospitali ya majeruhi katika eneo la migodi ya makaa ya mawe. Akaletwa mchimbaji, kijana mwenye nguvu zake, kavunjika mgongo. Wakamfunga hogo, wakamtenga na wenzake. Guttmann akaanza kuandika maelezo ya mgonjwa kama kawaida, akaambiwa asijisumbue, huyo wiki chache tu kwisha kazi. Kweli, baada ya wiki kama tano akafa. Hakufa kwa mgongo. Aliuawa na vidonda na mkojo uliooza ndani, sumu ikaingia kwenye damu. Kijana wa miaka 18 akaondoka na picha ile kichwani.

Akasoma udaktari, akamaliza mwaka 1924, akawa bingwa wa mishipa ya fahamu kule Breslau chini ya mwalimu wake Otfrid Foerster. Mwaka 1933 Wanazi wakashika nchi na Wayahudi wakafukuzwa kwenye hospitali za umma. Yeye akahamia hospitali ya Wayahudi ya Breslau, baadaye akawa mkuu wake. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yanachomwa moto na wanaume wanakamatwa, akaamuru kila anayebisha hodi hospitali apokelewe, mgonjwa au mzima. Asubuhi Gestapo wakaja. Akatembea nao kitanda kwa kitanda akiwatungia watu magonjwa. Inasemekana kati ya watu 64 alinusuru 60. Hapo nilipokuwa nasoma kwenye simu nilicheka peke yangu. Daktari anadanganya mchana kweupe, na Mungu anamwangalia tu.

Machi 1939 akakimbilia Uingereza na mkewe Else na watoto wao wawili. Miaka kadhaa akakaa Oxford akifanya utafiti, moyo wake uko wodini.

Nafasi ikaja mwaka 1943. Waingereza walikuwa wanajiandaa kuvamia Ufaransa na walijua askari wengi watavunjika migongo. Wakamuomba aanzishe kituo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na Aylesbury. Tarehe 1 Februari 1944 kikafunguliwa. Madaktari wenzake walimhurumia, maana wagonjwa wa namna hii ilijulikana hawaponi, wanapewa tu dawa za kutuliza maumivu wakisubiri siku yao.

Sasa sikilizeni alichofanya, ndipo utamu wenyewe ulipo. Aliondoa mahogo. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Damu ikikandamizwa sehemu moja muda mrefu nyama inakufa, na asiyesikia maumivu hawezi kujigeuza mwenyewe. Mpira wa mkojo akautaka uwekwe kwa usafi mkali. Usiku aliweza kutokea wodini ghafla kuhakikisha watu wamegeuzwa kweli. Alikuwa mkali, wauguzi wengine walimuogopa kama simba, lakini wagonjwa walimwita Poppa, yaani baba. Hakuleta mashine ya ajabu. Alileta mikono ya watu na saa ya ukutani.

Kidonda kikianza kupona, hakukuacha ulale. Mgonjwa alitakiwa akae, avae nguo, ajifunze kazi: useremala, kutengeneza saa, kupiga taipu. Wengine walimchukia kwa hilo, mtu kashakubali kufa, huyu mzee anamletea randa! Mimi hapo namwelewa mzee na nawaelewa wagonjwa pia. Kuna miezi sikutaka kabisa mtu aniambie habari ya kesho.

Michezo ilianzia palepale uani, watu kwenye viti vya magurudumu wanagombania kimpira kwa fimbo. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London inafunguliwa, Guttmann aliwapanga askari wastaafu 16, wawili kati yao wanawake, wakashindana kulenga shabaha kwa upinde. Mwaka 1952 wakaja Waholanzi. Mwaka 1960 ikachezwa Roma, wachezaji kama 400 kutoka nchi 23. Majirani zetu Kenya walikuwepo Heidelberg mwaka 1972, mzee akiwa bado hai. Sisi Tanzania tulichelewa, mpaka Barcelona 1992. Malkia alimpa heshima ya Sir mwaka 1966, mwaka ambao pia alistaafu. Akafariki tarehe 18 Machi 1980, moyo.

Haya, alifikaje Kivukoni? Kwa miguu ya bibi mmoja jirani yetu, nesi mstaafu, Mpogoro asiye na utani. Alikuja kunijulia hali, akafunua shuka, akafoka nyumba nzima ikanyamaza. Jioni ileile akawapanga ndugu zangu kwa zamu. Mito ya sufi ikakatwa midogo ya kuweka katikati ya magoti na chini ya visigino. Mama akaweka kengele kwenye simu yake ya tochi: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kidonda kilichukua miezi saba kufunga. Baadaye sana nilimuuliza bibi hayo ya saa mbili mbili aliyatoa wapi, akasema alifundishwa chuo cha uuguzi na yana mwenyewe. Akanitajia jina, kalipinda kidogo, nikalitafuta.

Sasa hivi mimi ni fundi simu na redio. Kiti changu kinakwama mchangani kiangazi na kwenye tope masika, hilo Guttmann hakuniachia dawa. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2018 nilifurahi kama wote, ila wale abiria waliokuwa wanasubiri pantoni na simu mbovu mkononi wakapungua, nikalazimika kusogeza meza mpaka barabarani. Maisha yanaenda.

Kujigeuza najigeuza mwenyewe siku hizi, nashika kamba iliyofungwa kwenye boriti. Lakini kengele ya mama hajaizima. Saa nane ya usiku inalia chumba cha pili, kisha nasikia anagonga ukuta, na mimi nagonga kumjibu kwamba tayari.

Wadau wenye ndugu aliyelala hivi nyumbani, mfunueni shuka leo. Maoni hapo chini, nitajibu kadiri chaji itakavyoruhusu.