Aimbapo Peke Yake: Maisha ya Freddie Mercury, Mzaliwa wa Unguja

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mshika fedha katika mahakama chini ya serikali ya Kiingereza. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano, akaunda bendi na wenzake na kuanza kuitwa Freddie. Alirejea Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Januari, familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London.

Huko, mwaka 1970, aliungana na Brian May na Roger Taylor wakaunda Queen, naye akajipa jina la Mercury. Wimbo wao wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, uliwaeneza duniani. Ndani yake mna neno la Kiarabu ambalo Mwislamu wa pwani huanzia kila kazi, na wapo wanaolichukua kuwa mwangwi wa Unguja. Huo ni ushahidi mwembamba mno. Kijana wa Junda, Kisauni, akisikia sauti ile ndani ya matatu hadhani kamwe kwamba mwenyewe alizaliwa ng'ambo tu ya maji.

Mwezi wa Aprili 1985, akiwa na umri wa miaka 38 na mkongwe wa majukwaa, Mercury alitoa albamu yake mwenyewe, Mr. Bad Guy, aliyoirekodi mjini Munich, Ujerumani. Nyimbo zote 11 alizitunga yeye. Alilegeza kamba za roki akaelekea kwenye disko na vinanda vya umeme, na katika wimbo uliobeba jina la albamu akaleta okestra nzima. Uingereza ilifika nafasi ya 6. Marekani haikuvuka nafasi ya 159. Wasikilizaji waliozoea gitaa la May walihisi pengo. Kisha, tarehe 13 Julai mwaka huohuo, Mercury alisimama na Queen uwanjani Wembley katika tamasha la Live Aid, na kwa muda wa dakika 20 hivi akaufunika upweke wa albamu yake mwenyewe. Hapo ndipo mtu huona jinsi hadhira inavyomfunga msanii: ilimpenda mno akiwa na wenzake hata haikuwa na subira naye alipokuwa peke yake.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Mwaka 1993 wimbo mmoja wa albamu ile, Living on My Own, uliorekebishwa na mikono mingine, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 1995 Queen walizipiga upya mbili nyingine. Nyimbo zilezile, ila zimevikwa nguo mpya, tena mwenyewe hayupo.

Kwao nako mapokezi yalichelewa. Sherehe iliyopangwa Unguja mwaka 2006, ambapo angetimiza miaka 60, ilifutwa baada ya kikundi cha kidini kupinga mwenendo wa maisha yake. Novemba 2019 ndipo jumba la makumbusho lenye jina lake lilipofunguliwa Mji Mkongwe.