Hass, mpeleka barua aliyeacha parachichi

Mwaka 2008, nikirudi Burundi kutoka kambi ya Mtabila, nilivuka Manyovu na kokwa tatu za parachichi ndani ya kifurushi. Kule Kasulu tulikula tunda tamu, nami nikataka utamu ule ule nyumbani. Nikangoja miaka saba. Yakaja matunda ya maji matupu, yenye nyuzi, na sokoni hakuna aliyeyataka. Nilidhani ardhi imenikataa. Nilipojua habari za marehemu Rudolph Hass, ndipo nikaelewa.

Hass alizaliwa Marekani mwaka 1892, akawa mpeleka barua wa posta huko California. Miaka ya 1920 alipata kishamba La Habra Heights, akapanda kokwa. Hakutafuta matunda yake. Alitaka mashina tu, ayabebeshe vikonyo vya Fuerte, aina iliyotamba sokoni enzi hizo. Mche mmoja ulikataa kubebeshwa, akashauriwa auache. Ulipozaa, matunda yake yalikuwa na ganda gumu lenye vipele, jeusi likiiva. Watoto wake wakayapenda kuliko Fuerte.

Kumbe kokwa hairudishi tunda lililoliwa. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, kisha hufunga na kufunguka tena likiwa dume. Kwa hiyo mara nyingi hupokea chavua ya mti mwingine. Kokwa ni mtoto wa wazazi wawili, na mtoto hafanani na mama kwa kila kitu. Kikonyo si mtoto; ni mwili wa mti ule ule.

Hass alipata bahati ya mtoto mmoja bora, lakini hakuzidisha mti wake kwa kokwa. Mwaka 1935 aliusajili kwa hataza, ukaenezwa kwa vikonyo. Hakutajirika: wakulima walinunua mche mmoja, wakabebesha shamba zima. Alifariki mwaka 1952. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini mwili wake ungali unazaa Njombe na Murang'a.

Ndugu yangu unayerudi nyumbani, nawe unayevusha miche mpakani, kabla ya kutoa pesa angalia kovu la kubebeshwa juu kidogo ya udongo. Mimi miti yangu mitatu nimeikata vichwa na kuibebesha. Mizizi ni ile ile niliyotoka nayo Kasulu. Matunda sasa yanapata mnunuzi.